Mashine ya kutembea bila kutoka nyumbani: krenki ya baiskeli inaweza kufanya kazi hiyo?

Wilayani Wanging'ombe, mkoani Njombe, watu wengi hawana haja na mashine ya mazoezi. Mkulima anayetoka alfajiri, akalima mahindi yake na kurudi na mzigo wa kuni, ameshapiga tizi la siku nzima bila kulipia jimu.

Ishu iko kwa wengine. Kuna mama wa duka pale Makambako anayekaa kwenye stuli tangu asubuhi hadi taa zinawashwa. Kuna bodaboda, na madereva wa malori ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ambao siku inaisha wakiwa wametembea hatua za kuhesabu. Na kuna bibi au babu aliyepata kiharusi, au mwenye magoti yanayouma, ambaye ameambiwa hospitali atembee kila siku.

Atatembea wapi? Mwezi Machi njia ni tope na utelezi. Julai baridi ya Njombe inabana mpaka kwenye mifupa. Akianguka mara moja tu, hali inaweza kuwa mbaya kuliko mwanzo.

Tatizo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu, na takriban 9 kati ya kila 100 wana kisukari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano.

Mashine inayoweza kumsaidia mtu wa namna hii inaitwa eliptiko. Unasimama juu ya vibao viwili, miguu inakwenda mbele na nyuma kwa zamu kama unatembea, lakini hutoki ulipo. Haihitaji umeme kama mashine ya kukimbilia. Shida ni kwamba za jimu ni ndefu na nzito, na zile ndogo za kuweka chini ya meza zina hatua fupi mno, mtu anajiona kama anakanyaga baiskeli ya mtoto.

Je, fundi wa kuchomelea wa Makambako au Igwachanya anaweza kuunda ndogo yenye hatua ya maana? Anaweza. Ila kila sentimita anayokata kwenye urefu wa mashine, kuna kiungo cha mwili kinachoilipia.

Mguu unachora nini hewani?

Jina eliptiko linatokana na duaradufu, yaani duara lililobanwa kama yai. Inasimuliwa kwamba mhandisi wa Marekani, Larry Miller, alimrekodi binti yake kwa kamera akikimbia pembeni ya gari, kisha akafuatilia njia ambayo mguu wake ulipita. Akaunda mashine inayopitisha mguu njia hiyohiyo. Kampuni ya Precor ikaiingiza sokoni mwaka 1995.

Jaribu kumtazama mtu anayetembea, lakini macho yasitoke kwenye nyonga yake. Utaona mguu unakwenda nyuma ukiwa umegusa ardhi, njia iliyonyooka. Halafu unanyanyuka na kurudi mbele kwa upinde. Umbo lake ni kama mfuniko wa sufuria: chini bapa, juu mviringo. Kila mguu unakuwa ardhini takriban asilimia 60 ya muda, na hewani asilimia 40.

Duaradufu inakaribia umbo hilo, haililingani kabisa. Faida yake kubwa ni kwamba mguu hauachi kibao, hivyo kisigino hakipigi chini. Magoti yanashukuru. Hasara ni hiyohiyo: kwa kuwa mguu hauachi kibao, mtu hajifunzi kurudisha usawa wake kama anapotembea barabarani. Kwa aliyepata kiharusi, mashine hii inasaidia mazoezi, lakini haichukui nafasi ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Hesabu ya krenki

Njia rahisi kuliko zote ya kupata duaradufu ni hii. Chukua bomba la chuma. Mwisho mmoja, nyuma, ufunge kwenye krenki ya baiskeli, ule mkono unaoshika pedeli. Mwisho wa pili, mbele, uweke kigurudumu kinachoteleza juu ya reli. Krenki ikizunguka, mwisho wa nyuma unachora duara, mwisho wa mbele unachora mstari ulionyooka. Sehemu zote za katikati zinachora duaradufu.

Krenki ya kawaida ya baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 17 hivi. Hatua ya mashine ni mara mbili ya hapo, yaani sentimita 34. Mtu anapotembea kawaida hatua yake ni kama sentimita 70, kwa hiyo hii ni nusu. Si mbaya kwa mtu wa magoti, na ni ndefu kuliko vile vimashine vya chini ya meza.

Mguu unanyanyuka kiasi gani? Inategemea kibao kimewekwa wapi kwenye bomba. Katikati kabisa, mguu unapanda na kushuka sentimita 17. Ukisogeza kibao mbele, kikawa theluthi moja ya urefu wa bomba kutoka kwenye kigurudumu, inabaki kama sentimita 11. Hatua inabaki 34 ileile. Hapa kuna uzuri wake: mashine moja yenye matundu matatu ya bolti kwenye bomba inaweza kumfaa kijana anayetaka kutoka jasho na bibi ambaye goti halikunji vizuri.

Sasa njoo kwenye udogo. Bomba la mita moja linataka nafasi ya sentimita 134 kwa urefu, kwa sababu krenki inaenda sentimita 17 nyuma na kigurudumu sentimita 17 mbele. Ukikata bomba likawa nusu mita, nafasi inashuka hadi sentimita 84. Hiyo inakaa kwenye kona ya sebule bila kugombana na makochi.

Lakini angalia kifundo cha mguu. Bomba la mita moja linainama nyuzi 10 hivi juu na chini krenki inapozunguka. La nusu mita linainama karibu nyuzi 20. Yaani krenki ikiwa chini, kisigino kinazama nyuzi 20 chini ya vidole, na ile kano ya nyuma ya kisigino inavutwa kila mzunguko. Kwa mwendo wa hatua 100 kwa dakika, kila mguu unavutwa mara 50 kila dakika. Nusu saa ya hivyo na mtu mzima wa miaka 65 hatarudi tena kwenye mashine, hata umwambie nini.

Fundi mjanja anashusha reli ya mbele sentimita kadhaa chini ya kitovu cha krenki. Hapo kisigino kinaanza kikiwa juu kidogo, na mvutano unapungua. Bomba la sentimita 70 likiwa na reli iliyoshushwa ndilo suluhisho la busara kwa nyumba nyingi. Mashine inachukua kama mita moja na chenji.

Kuna njia nyingine inayopendeza zaidi kwenye karatasi. Mwanahisabati wa Urusi, Pafnuty Chebyshev, alibuni mikono ya chuma inayogeuza mzunguko kuwa mstari karibu ulionyooka, na mashine yake yenye miguu inayotembea ilionyeshwa Paris mwaka 1878. Vipimo vyake ni rahisi kukariri: krenki 1, umbali kati ya vitovu viwili 2, mkono unaobembea 2.5, na mkono mrefu 5 ulioshikwa katikati na ule unaobembea. Krenki ya sentimita 10 tu inatoa mstari wa sentimita 40, kisha mguu unarudi kwa upinde wa kama sentimita 9. Ni mfuniko wa sufuria uleule.

Tatizo? Mguu unakaa sentimita 40 juu ya kitovu cha krenki. Mashine inakuwa fupi kwa urefu lakini imenyanyuka kama stuli, na mtu asiye na usawa ndiye anayetakiwa kupanda juu yake. Kwa mzee, hapana. Reli na kigurudumu vinatosha.

Friwili inavyoweza kumwangusha mtu

Krenki mbili zinapokuwa wima, moja juu na nyingine chini, uzito wa mwili haizungushi chochote. Mashine inakwama hapo. Ndiyo maana inahitaji flaiwili, gurudumu zito linalobeba mwendo na kupitisha miguu kwenye sehemu hiyo.

Gurudumu la nyuma la baiskeli linafaa. Ukifunga cheni kutoka sproketi ya meno 48 kwenda ya meno 16, gurudumu linazunguka mara tatu ya krenki. Nguvu ya mwendo inayohifadhiwa inapanda kwa mraba wa kasi, hivyo gurudumu lilelile linahifadhi mara tisa zaidi. Hakuna haja ya kubeba chuma cha kilo 30. Kuongeza uzito kidogo pembeni mwa rimu, kwa nondo iliyozungushwa na kufungwa vizuri, kunatosha.

Ila gurudumu la baiskeli linakuja na friwili, ile inayolia tikitiki unapoacha kukanyaga. Ukiiacha, gurudumu litaendelea kuzunguka lakini halitasukuma krenki, na miguu itakwama palepale. Lazima sproketi ifungwe moja kwa moja na gurudumu. Hapo sasa gurudumu linasukuma miguu hata kama mtu ameamua kusimama. Kijana atacheka tu. Bibi aliyechoka ghafla anaweza kutupwa.

Kwa hiyo breki si pambo kwenye mashine hii. Breki ya mpira ya baiskeli, na mkono wake ufungwe kwenye mshikio, upande wa mkono wenye nguvu kama mtumiaji alipata kiharusi. Mshikio wenyewe usimame imara pande zote mbili, usiwe usukani unaoyumba. Na cheni ifunikwe na bati, maana watoto na vidole vyao hawakawii.

Chuma gani?

Hapa mafundi wengi wanaokoa pesa mahali pasipofaa. Mtu wa kilo 80 akisimama katikati ya bomba la mita moja, skwea paipu ya milimita 25 yenye unene wa 1.5 inafanya kazi karibu na kiwango chake cha kupinda. Akipanda kwa kishindo, imekwisha. Skwea ya milimita 40 yenye unene wa 2 ina akiba ya zaidi ya mara nne. Tofauti ya bei kati yake ni ndogo kuliko gharama ya nyonga iliyovunjika.

Kingine kinachosahaulika ni upana. Mtu akitembea, miguu yake iko karibu, kama sentimita 10 hivi. Kwenye mashine, mabomba yakikaa nje ya krenki, miguu inatanuka na nyonga zinaanza kuuma baada ya dakika chache. Vibao viwekwe upande wa ndani wa mabomba, karibu kadiri inavyowezekana bila kugusana na cheni.

Kazi ya namna hii si ngeni Tanzania. Bernard Kiwia, aliyeanza kama fundi baiskeli Arusha, amejulikana kwa mashine zinazoendeshwa kwa pedeli, ikiwemo chaja ya simu. Kampuni ya Global Cycle Solutions, ya Arusha pia, ilitengeneza kifaa cha kupukuchua mahindi kinachofungwa kwenye baiskeli. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, iko kwa ajili ya viwanda vidogo vya aina hii. Vipuri vyenyewe, krenki, cheni, beringi na rimu, viko kwa mafundi baiskeli.

Kwa mtumiaji, kipimo cha mwendo ni mdomo: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Mwenye presha, kisukari au aliyewahi kupata kiharusi azungumze kwanza na daktari wake, na siku za mwanzo asiwe peke yake. Dakika tano zinatosha kuanzia.

Kabla ya kununua chuma, tengeneza mfano wa mbao, ukubwa halisi, kwa misumari. Funga chaki pembeni ya kibao, simamisha ubao mweusi karibu, kisha zungusha krenki kwa mkono. Chaki ikichora yai refu lililolala, endelea. Ikichora kitu kinachokaribia duara, kibao kiko karibu mno na krenki. Kisogeze kuelekea kwenye kigurudumu na uchore tena.