Sayari Yenye Majua Mawili

Ukitazama kusini jioni ya mwezi Juni, utaona nyota mbili zinazong'aa karibu na Msalaba wa Kusini. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri. Kwa macho ni nyota moja. Kwa darubini ni mbili, nazo huzungukana kwa muda wa miaka 80 hivi. Je, sayari yaweza kuishi salama kati ya majirani kama hao?

Swali hili si la mchezo. Karibu nusu ya nyota zinazofanana na Jua letu zina wenzao. Na uhai unahitaji muda mrefu, sayari ikiwa imetulia katika njia yake.

Tangu Newton, mwaka 1687, njia ya vitu viwili vinavyovutana hukokotolewa kwa kalamu. Kikiongezeka cha tatu, hakuna kanuni fupi ya kujibu kila hali. Ndipo kompyuta inapohitajika. Hupewa mahali na mwendo wa kila nyota na sayari, hupima mvutano, husogeza kila kimoja hatua ndogo, kisha hupima upya, mara mamilioni. Hatua zikiwa ndefu mno, makosa hulimbikizana, na sayari hutupwa nje na hesabu mbovu, wala si na nyota. Kwa hiyo wataalamu hukagua kama nishati ya mfumo mzima imebaki ileile.

Mwaka 1997, Paul Wiegert na Matthew Holman waliifuatilia Alpha Centauri kwa njia hiyo, kwa miaka kama milioni 2.5 ya hesabu. Sayari iliyo karibu na nyota yake, isizidi mara 3 ya umbali wa Dunia na Jua, ilidumu. Iliyovuka mpaka huo ilivutwa kila nyota ya pili ilipokaribia, njia yake ikapinda, mwisho ikapotea.

Njia nyingine ni kuzizunguka nyota zote mbili. Kepler-16b, iliyotangazwa mwaka 2011, hufanya hivyo kwa siku 229, huku nyota zake zikizungukana kwa siku 41.

Wazee walisema njia mbili zilimshinda fisi. Sayari nayo ikibaki katikati hushindwa. Hudumu ikishikamana na jua moja, au ikiyazunguka yote mawili kwa mbali.