Noti ya Mwinyi kwenye sanduku la bibi: Dukani haipokelewi, je, wakusanyaji wanaitaka?

Tuseme unasaidia kuhamisha vitu vya bibi kule Nyamwaga, wilayani Tarime. Unafungua sanduku la bati, na chini ya vitenge unakuta bahasha. Ndani kuna noti ya shilingi 1,000 yenye sura ya Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, pamoja na sarafu tatu nne za enzi za Mwalimu.

Ukienda nayo dukani, mwenye duka ataikataa. Na yuko sahihi.

Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitoa miezi mitatu, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, watu warudishe noti za zamani. Zilikuwa za 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010. Aliyezipeleka benki alipewa thamani ile ile. Tangu Aprili 6, 2025, si fedha halali tena.

Kwa hiyo bibi amepoteza pesa yake? Kama pesa, ndiyo. Kama kitu cha kukusanya, hapo kuna maneno.

Kwa nini mtu anunue pesa isiyonunua kitu?

Wamarekani wana mchezo wao wa kukusanya kadi za wachezaji wa besiboli. Ni kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji, basi. Lakini Agosti 2022, kadi ya Mickey Mantle iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6.

Mantle alikuwa mchezaji mkubwa kweli, ila hiyo ni nusu tu ya habari. Inasimuliwa kwamba kadi nyingi za toleo lile zilikosa wanunuzi, zikajaza ghala, na mwishowe zikaenda kutupwa baharini. Zilizobaki ni chache, na iliyobaki ikiwa safi kama imetoka kiwandani ni ya kutafuta kwa tochi.

Noti na sarafu za zamani zinafuata kanuni hiyo hiyo. Wakusanyaji wanaangalia zimebaki ngapi, ziko katika hali gani, na nani anazitaka. Uzee peke yake hauleti bei. Sarafu ya mwaka 1966 iliyotengenezwa kwa wingi na kuzunguka sokoni miaka ishirini hadi sura ikafutika, bado ni ya kawaida tu.

Hapa ndipo watu wanapigwa. Ule ujumbe wa WhatsApp unaosema "tunanunua sarafu ya Nyerere kwa mamilioni", halafu unaambiwa utume kwanza hela ya usajili au ya usafiri wa mnunuzi, ni utapeli. Mnunuzi wa kweli anatoa pesa, haombi pesa.

Hadithi zilizomo kwenye bahasha

Tarime iko mpakani, na fedha za zamani zinazobaki majumbani mpakani zina mengi ya kusema.

Kabla ya mwaka 1966, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyevuka Sirari kwenda upande wa Kenya hakuhitaji kubadilisha chochote. Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mwaka 1964, nchi hizi zikiwa zimeshapata uhuru, sura ya Malkia wa Uingereza iliondolewa kwenye noti na ikawekwa picha ya jahazi kwenye Ziwa Victoria. Ndiyo, ziwa hili hili la watu wa Mara. Noti hiyo haikukaa sana, kwa sababu mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha yake. BoT ilifunguliwa Juni 14 mwaka huo.

Sarafu za kwanza za Tanzania zilikuja na wanyama: senti 20 ina mbuni, sumuni ina sungura. Shilingi moja ina mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Upande wa pili ni Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, na maneno "Rais wa Kwanza". Fikiria, aliandikwa "wa kwanza" akiwa bado Ikulu, miaka 19 kabla ya kung'atuka.

Kisha kuna sura ya Mwinyi, aliyefariki Februari 29, 2024. Noti zake ni kumbukumbu ya miaka ambayo bidhaa zilirudi madukani huku shilingi ikizidi kuyeyuka. Mwaka 1966 noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya 100. Kufikia toleo la mwaka 2003, lenye simba kwenye 2,000, faru kwenye 5,000 na tembo kwenye 10,000, ile 100 ya zamani ilikuwa imebaki sarafu ya kurudishiwa chenji. Hiyo 10,000 nyekundu ndiyo vijana waliipa jina la Msimbazi.

Wakenya nao wana yao. Katiba yao ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha. Noti mpya zilipotoka Juni 2019, ile ya zamani ya 1,000 ilipewa hadi Septemba 30 mwaka huo, na BoT ikasimamisha kubadilisha fedha za Kenya. Aliyekuwa ameficha elfu za Kenya upande wa Sirari, akasahau, leo ana picha ya Jomo Kenyatta tu.

Ukizikuta, usifanye haya

Usisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala ndimu ili ing'ae. Mkusanyaji anaiona mara moja kwamba imesuguliwa, na bei inashuka palepale. Noti iliyochanika usiibandike gundi ya karatasi. Na tafadhali, usiipeleke steshenari ikafanyiwe laminesheni! Ukishaipitisha kwenye ule moto, haitoki tena.

Iweke kwenye mfuko mkavu wa plastiki laini, bila kuikunja, mbali na jua na panya. Kisha mwulize bibi aliipata wapi: aliuza mahindi, alilipwa mahari, au ni mshahara wa mwisho wa babu? Andika jibu lake kwenye karatasi nyingine, si juu ya noti, na uziweke pamoja kwenye bahasha moja.