Mama anayetoa habari mapema huokoa jirani

Tukisikia maneno “ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza”, wengi wetu tunafikiria magari ya mashirika, maabara na watu waliojifunika mwili mzima. Lakini kazi hiyo inaanzia nyumbani, pale mama anaposema: “Homa hii si ile ninayoijua.” Anayemlisha mgonjwa, anayefua mashuka yake, anayeosha maiti, mara nyingi ni sisi. Kwa hiyo sisi ni wa kwanza kuona, na pia wa kwanza kuambukizwa.

Tunakumbuka Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikianzia Mangina, karibu na Beni. Ilidumu mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake, na zaidi ya robo walikuwa watoto. Hata Alimbongo yetu iliingia katika orodha ya maeneo ya afya yaliyopata wagonjwa.

Kwa nini ilienea hivyo? Vita na kutoaminiana vilichangia sana. Lakini kuna jambo lingine. Wachunguzi waliporudi kuuliza familia, walikuta kwamba ugonjwa ulikuwa umezunguka majuma mengi kabla ya kutangazwa. Mwanzoni Ebola inafanana na malaria au tifoidi: homa, kichwa, kutapika, kuharisha. Watu walikufa, wakazikwa, na jirani akaanza kuugua. Sampuli zilipofika INRB kule Kinshasa, 4 kati ya 6 zilikuwa na virusi. Wakati huo moto ulikuwa umeshawaka.

Sasa tazameni kilichotokea Biena, karibu na Butembo, mwezi wa pili 2021. Mama mmoja aliugua, akapita kituo cha afya, kisha akafia hospitali Butembo. Sampuli yake ilipimwa palepale Butembo, na tarehe 7 ugonjwa ukatangazwa. Watu waliokuwa karibu naye walitafutwa na kuchanjwa. Mpaka tarehe 3 mwezi wa tano ugonjwa ulikuwa umekwisha: wagonjwa 12, waliokufa 6. Sita ni wengi kwa familia zao. Lakini linganisheni 12 na 3,470, mtaona faida ya kugundua mapema, kupima karibu na kuwa na chanjo tayari.

Sisi tunaoishi kando ya barabara ya Butembo na Goma tuna sababu ya kuwa macho zaidi. Mwezi wa saba 2019, mchungaji mmoja alisafiri kwa basi toka Butembo akiwa mgonjwa. Alipofika Goma akaenda kituo cha afya, na wauguzi wakamshuku siku ileile. Abiria wenzake walitafutwa na kuchanjwa. Yeye alifariki, lakini ugonjwa haukuenea kutoka kwake.

Kuna habari nyingine ambayo kila mama aijue. Utafiti wa dawa za Ebola uliofanywa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, toka mwezi wa kumi na moja 2018 hadi mwezi wa nane 2019, ulipata dawa mbili zinazosaidia. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba kila siku mgonjwa anayobaki nyumbani inaongeza hatari ya kufa, na waliofika mapema walipona zaidi. Kumficha mgonjwa siyo kumlinda.

Wengine watasema: “Nikitoa habari na ikawa si Ebola, nitaaibika.” Hapana. Wakati ule taarifa maelfu zilitolewa kwa siku moja, na karibu zote zilikuwa magonjwa mengine. Mbwa anayebweka usiku hangoji kwanza ahakikishe kama ni mwizi.

Lakini tuseme ukweli wote. Mama hatoi habari kwa mtu asiyemwamini. Mwezi wa tisa 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, OMS, ilitoa ripoti kwamba wafanyakazi wa kupambana na Ebola, wakiwemo wa OMS yenyewe, waliwatumia wanawake kimwili, wengi wao kwa ahadi ya kazi. Basi tuseme wazi: kazi, chanjo na matibabu havilipwi kwa mwili. Yeyote anayekuomba hivyo, mwambie mama mwenzako, mlete jambo kwenye kundi, wala usibaki nalo peke yako. Ugonjwa ukirudi, heshima ya wanawake iwe sehemu ya matayarisho, sawa na sabuni na chanjo.

Tufanye nini toka juma hili? Mjulishe RECO wa mtaa wako au muuguzi wa kituo, siku hiyohiyo, ukiona:

– watu wawili au zaidi wa nyumba moja wanaugua au kufa kwa ghafla;
– homa isiyoshuka baada ya dawa ya malaria, au homa yenye kutoka damu;
– kuharisha maji kama ya mchele, ambayo inaweza kuwa kipindupindu;
– vipele vya maji mwilini, au mtoto mwenye homa na vipele vyekundu;
– mtoto ambaye mguu au mkono umelegea ghafla.

Sema ugonjwa ulianza siku gani, mgonjwa alitoka wapi, na nani wamemshika. Usiguse matapishi wala damu kwa mikono mitupu. Kifo kikiwa na mashaka, maiti isioshwe kabla ya muuguzi kufika.

Na kila kundi la likelemba au AVEC lichague mama wawili wa kupokea habari katika avenue zao, liandike namba ya simu ya RECO na ya kituo mahali ambapo wote wanaiona, na litenge franka kidogo kila mkutano kwa kumsafirisha mgonjwa. Mama asiye na pesa ya pikipiki atachelewa hata kama amejua dalili zote.