Mchoraji wa Wanyama na Riziki Yake: Mfano wa Sanaa ya Tingatinga

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amezoea kukutana na wanyama katika maneno: sungura mjanja, fisi mlafi, simba mwenye enzi. Wapo wasanii wengine ambao huwasimulia wanyama hao hao kwa rangi, na maisha yao hayajulikani sana katika madarasa ya fasihi. Makala haya yanaangazia maisha na kazi ya mchoraji wa wanyama aliyejiajiri jijini Dar es Salaam, hususan mchoraji wa mtindo wa Tingatinga. Swali linaloyaongoza ni hili: je, msanii anayemchora simba yule yule mara mia ni mbunifu au ni mnakili tu? Jibu la swali hili linagusa heshima yake na riziki yake pia.

Usuli wa Mtindo

Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, tingatinga ni mtambo wa kulimia au kuchimbia barabara. Katika uchoraji, hata hivyo, hilo ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mzaliwa wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam na kushika vibarua mbalimbali. Mwaka 1968 alianza kuchora. Kwa kuwa vifaa vya wasomi wa sanaa vilikuwa ghali, alitumia mbao ngumu za dari na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya duka moja katika mtaa wa Oyster Bay, waliokokaa wageni wengi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake wachache, baadhi yao wakiwa jamaa zake, waliiendeleza kazi hiyo, na mwaka 1990 chama cha ushirika cha wachoraji kikaundwa.

Siku ya Kazi

Kazi ya mchoraji huanza kabla ya brashi kugusa rangi. Ubao mzima una upana wa futi 4 na urefu wa futi 8. Ukikatwa vipande vya mraba vya futi 2 kwa 2, hupatikana vipande 8 pasi na kubakiza hata kijisehemu. Umbo la mraba lililozoeleka katika picha za awali linaafikiana na hesabu hiyo ya mtu asiyetaka kupoteza senti. Siku hizi wengi hutumia kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye fremu, kwa sababu mgeni anaweza kukikunja na kukitia mzigoni.

Kwanza mchoraji hupaka usuli wa picha, aghalabu kwa rangi moja au mbili zinazoingiana. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Kwa hivyo huiweka picha hiyo kando na kushika nyingine. Usuli ukishakauka, humchora mnyama kwa mistari, akamjaza rangi, kisha akasubiri tena. Mwisho huja madoa ya chui, milia ya punda na manyoya ya kanga, ambayo hudai mkono usiotetemeka. Maadamu kila hatua ina kusubiri kwake, mchoraji huwa na picha kadhaa mbele yake kwa wakati mmoja. Msimu wa mvua humletea hasara mara mbili: rangi hukawia kukauka, na watalii hupungua.

Soko

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchoraji aliyejiajiri anajua kuwa hata kizuri hutembezwa. Ingawa wengi hufanya kazi chini ya paa moja, kila mmoja hutegemea mauzo ya picha zake. Hana mshahara wa mwisho wa mwezi, ilhali rangi, mbao na nauli hulipiwa kabla mnunuzi hajaonekana. Janga la UVIKO-19 lilipozuka mwaka 2020 na safari za ndege zikasimama, udhaifu wa kutegemea watalii ulidhihirika wazi.

Kunakili na Kubuni

Hapa ndipo swali la awali linaporejea. Mnunuzi akimpenda twiga fulani, wachoraji kumi watamchora twiga huyo kesho yake. Baadhi ya wahakiki huiona tabia hii kuwa dalili ya umaskini wa ubunifu. Hata hivyo, mshairi wa Kiswahili hutunga tarbia kwa vina na mizani alivyovirithi, na hakuna anayemwita mwizi. Hupimwa kwa alichokitia ndani ya kipimo hicho. Vivyo hivyo, umbo la mnyama wa Tingatinga ni arudhi ya wachoraji. Mkono wa fundi hutambulikana katika jicho la chui na mpangilio wa madoa yake.

Ulinganisho huu, hata hivyo, una mpaka. Mshairi anayerithi bahari hatii jina la marehemu chini ya shairi lake. Zimewahi kuuzwa picha za kughushi zenye sahihi ya Tingatinga mwenyewe. Kitendo hicho si urithi, ni udanganyifu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini sheria hailindi mtindo wa jumla, bali kazi mahususi ya msanii. Mchoraji mwenye picha ndogo ya bei nafuu ni nadra kupata muda au fedha za kumfuata mahakamani aliyemwibia.

Hitimisho

Imebainika kuwa mchoraji huyu ni mbunifu anayefanya kazi ndani ya mapokeo, sawa na mshairi au fanani wa ngano. Kumwita mnakili tu ni kumpunja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: haki ya kwanza ya mchoraji ni kutajwa kwa jina lake mwenyewe. Wanafunzi wa fasihi, ambao wamezoea kuuliza shairi limetungwa na nani, wana wajibu wa kuiuliza picha swali lilo hilo.