Gitaa lililofika Msambweni likiwa vipande

Desemba iliyopita nilisafiri kwenda nyumbani na boksi moja ambalo sikutaka kuliachia mikono ya watu. Ndani mlikuwa na gitaa la umeme lisilokuwa gitaa bado: kiwiliwili cha mbao laini kisicho na rangi, shingo iliyokwisha kupigwa freti, skrubu, sumaku mbili zilizozungushiwa waya, vitufe vya sauti na nyuzi sita. Mpwa wangu alivipanga mkekani chini ya mwembe, kimoja kimoja, kisha akauliza, "Mjomba, hili limevunjika au halijaundwa?"

Siku ile nilimjibu kwa ufupi. Jibu refu ndilo hili.

Gitaa kavu hupata sauti kutokana na uwazi wa tumbo lake. Ubao wa juu sharti uwe mwembamba, mbavu zipindwe kwa moto, viungo vishikwe kwa gundi. Hiyo ni kazi ya miaka ya kujifunza. Gitaa la umeme halihitaji tumbo. Chini ya nyuzi hukaa pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, unaisumbua nguvu ya sumaku, na usumbufu huo huzaa umeme kidogo ndani ya waya. Amplifaya huukuza, spika huugeuza sauti. Ubao una mchango wake, lakini kazi yake kubwa ni kushika nyuzi zisilegee.

Sisi tuliokulia pwani ya kusini tuliunda magitaa ya makopo ya mafuta, wengine wakitumia mshipi wa kuvulia, wengine nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli. Ukiweka pikapu chini ya mshipi, haisikii kitu, kwa kuwa nailoni haina mazungumzo na sumaku. Ukiiweka chini ya waya wa breki, inasikia. Nilifurahi sana kulielewa hilo ukubwani. Wale watoto waliokimbilia waya wa breki walikuwa wameshika njia ya umeme bila kujua.

Aliyelifanya gitaa hili liweze kuuzwa vipande alikuwa fundi wa redio. Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na yeye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Mwaka 1950 kiwanda chake kilianza kuuza gitaa la ubao mtupu, lile ambalo tangu 1951 linaitwa Telecaster. Shingo yake haikugundishwa. Ilifungwa kwa skrubu nne, ili ikiharibika ifunguliwe na kubadilishwa kama kifaa chochote cha redio. Boksi nililobeba ni mtoto wa uamuzi ule.

Muziki wenyewe ulikuwa umeshafika kwetu. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani hii mwaka 1924, alitumika Burma katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na akawa miongoni mwa wapigaji wa mwanzo wa gitaa la umeme nchini Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndugu Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga, ng'ambo tu ya mpaka wa Lunga Lunga, walikuja Kenya na kuunda Simba Wanyika. Nasi tulikua tukisikia magitaa ya bendi za hoteli za Diani yakiletwa na upepo wa usiku. Chombo kilikuwa karibu hivyo, ila hatukuwahi kuona ndani yake.

Kazi yetu ilichukua siku tisa. Nne za kwanza tuliuacha ubao ndani ya nyumba uzoee hewa ya bahari, maana mbao iliyotoka nchi kavu hunywa unyevu ikifika kwetu, na ukiipaka vanishi haraka utaifungia maji. Shingo nayo ilipinda kidogo. Ndani yake mna fimbo ya chuma inayokazwa kwa ufunguo mdogo, na ni robo tu ya mzunguko iliyotosha. Usikaze kwa hasira.

Tulipoliwasha lilinguruma bila kukoma. Tulipanda matatu hadi Ukunda kwa fundi wa redio, mzee mtulivu asiyewahi kufungua gitaa maishani mwake. Aliinua daraja linaloshika nyuzi, akaona waya wa athi haujagusa chuma, akaulehemu. Mngurumo ukanyamaza. Nilisimama pale nikamwona Fender na fundi huyu kuwa watu wa karakana moja.

Mpwa wangu hulifuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila jioni, kwani chumvi haina huruma. Wiki iliyopita alinitumia picha. Amepata kipande cha ubao wa mwembe kwa seremala, amechora mstari wa milimita 648, urefu wa uzi kutoka shingoni hadi darajani, akaugawa kwa 17.817 kupata nafasi ya freti ya kwanza: milimita 36.4. Zilizobaki anazikokotoa kwa penseli, kila moja kutokana na urefu uliosalia, na ya kumi na mbili imeangukia katikati kabisa.