Intaneti ya Nyumbani Nairobi: Hesabu Isiyoandikwa Kwenye Bango

Chukua shilingi 99. Kwa Safaricom, hiyo ni bei ya gigabaiti moja inayokufa baada ya saa 24. Ukiinunua kila siku kwa mwezi wa siku 30, umetoa 2,970. Kifurushi cha chini kabisa cha faiba ya nyumbani cha kampuni hiyohiyo ni 2,999. Tofauti ni shilingi 29, haifikii hata mandazi matatu ya kumi kumi. Lakini wa kwanza amepata GB 30 za simu moja, na wa pili ana intaneti usiku na mchana kwa kila aliyemo nyumbani, pamoja na wageni na watoto wa jirani wanaokuja "kusoma".

Bei ninazotumia hapa ni zile ambazo kampuni zenyewe zilizitangaza 2024 na 2025. Hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa pesa. Njia ya kuzipiga hesabu haibadiliki.

Mtu akiona hesabu hiyo huuliza mara moja: basi mbona watu wengi bado wananunua za siku? Kwa sababu pesa zao nazo huja kwa siku. Fundi wa mjengo hulipwa jioni. Mama mboga huhesabu faida akishafunga kibanda. Ukimwambia atoe 2,999 kwa mkupuo, mara nyingi katika wiki ileile ya kodi ya nyumba na karo, unamwambia akope. Huo ndio uchumi wa kadogo: unga wa kupimiwa, mafuta ya kupimiwa, na sasa intaneti ya kupimiwa. Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kipimo, naye anajua. Kwa hiyo ushauri wa "nunua kwa jumla uokoe" ni mzuri kwa mwenye mshahara, na kwa mwenye kibarua ni maneno tu.

Hata hivyo, ndani ya vifurushi vya siku kuna nafuu ambayo wengi huipita. Kile cha shilingi 55 hutoa GB 1.25 hadi saa sita usiku. Gigabaiti moja hapo inakuwa shilingi 44, chini ya nusu ya ile ya 99. Ukikinunua saa moja asubuhi una saa 17 za kukitumia. Ukikinunua saa mbili usiku, umebakiwa na saa nne, na gigabaiti zilizosalia zinazikwa ukiwa macho. Na kama nyanya kijijini hutumia WhatsApp kusikiliza sauti za wajukuu tu, mnunulie zile bando zisizoisha muda, ambazo Safaricom ilizianzisha Oktoba 2019. Kwa kila gigabaiti ni ghali zaidi, ila yeye hatapoteza hata moja.

Sasa tuingie nyumbani. Safaricom ilipopandisha kasi Septemba 2024 bila kugusa bei, ngazi zikawa hivi: 2,999 kwa Mbps 15, 4,100 kwa Mbps 30, 6,299 kwa Mbps 80, na 12,499 kwa Mbps 500. Wakala akija mlangoni ataanza na ile ya 6,299. Mwache amalize, kisha umuulize nyumba yako inahitaji nini.

Netflix yenyewe hupendekeza Mbps 5 kwa picha safi ya kiwango cha 1080 na Mbps 15 kwa ile ya juu kabisa ya 4K, ambayo inahitaji runinga ya aina yake. Maana yake ni kwamba kifurushi cha 2,999 kinaweza kuendesha runinga tatu kwa wakati mmoja zikiwa na picha safi. Nyumba ngapi za vyumba viwili zina runinga tatu? Mkutano wa Zoom hula kidogo kuliko filamu. TikTok ya mtoto hula kidogo pia, ingawa hailali. Mwenye haki ya kutafuta Mbps 80 ni mtu anayepakia video kazini au nyumba ya vijana watano wanaocheza michezo ya mtandaoni.

Wengi wanaopanda ngazi hupanda kwa sababu chumba cha kulala hakishiki. Hapo kasi haina kosa. Kosa ni ukuta. Nyumba zetu ni za mawe, na fundi akija hufunga ruta pale waya unapoingilia, aghalabu nyuma ya runinga, karibu na dirisha la sebule. Mawimbi ya 5 GHz ni mepesi lakini hushindwa na ukuta wa pili, ya 2.4 GHz ni mazito zaidi ila hupenya. Sogeza ruta ikae katikati ya nyumba, mahali pa juu, kwa waya wa mita chache ambao fundi atakuuzia kwa bei ya chakula cha mchana. Kuongeza 3,300 kila mwezi ili kushinda ukuta ni hasara ninayoiona kila mahali, na hakuna wakala atakayekuambia.

Haya yote ni kama una la kuchagua. Katika ploti nyingi za Eastlands au Kawangware chaguo lilishafanywa na mwenye nyumba, au na keateka aliyeelewana na mtu. Waya mmoja tu ndio unaoruhusiwa kupanda ukuta. Kabla ya kulipa amana ya nyumba mpya uliza kampuni gani ziko kwenye jengo, kama unavyouliza maji huja siku zipi. Poa Internet ilijijengea jina katika mitaa ya namna hiyo kwa bei ya shilingi 1,500 kwa mwezi bila kupima gigabaiti. Kasi yake ni ndogo, lakini kwa chumba kimoja chenye simu mbili na runinga inatosha, na hiyo 1,500 ni nusu kamili ya faiba. Pia kuna wale wadogo wasio na jina kubwa, wenye antena juu ya mabati na vocha za saa za shilingi kumi au ishirini. Fundi wao anaishi mtaa huohuo. Ikikatika Jumapili, utampata nyumbani. Kwa kampuni kubwa siku hiyo utazungumza na mashine inayokuomba ubonyeze tisa. Nafuu hiyo haionekani kwenye jedwali lolote la bei, lakini ukifanya kazi nyumbani ni pesa.

Halafu kuna Starlink, intaneti ya setilaiti, ambayo ilifika Kenya Julai 2023 na kuzitia kampuni za hapa kiwewe cha kweli. Ilipendwa hadi Novemba 2024 ikasimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kama Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a kwa sababu nafasi ilijaa; ilifungua tena Juni 2025. Kifurushi kamili cha nyumbani kimekuwa 6,500, cha bei nafuu 4,000, na kuna kile cha GB 50 kwa 1,300. Watu wengi husikia hiyo 1,300 tu.

Tuipige hesabu hiyo 1,300. Netflix inakadiria kuwa saa moja ya picha safi hula hadi GB 3. GB 50 basi ni saa 16 na ushei kwa mwezi, kama nusu saa kwa siku. Ukizimaliza, kila gigabaiti ya ziada ilitangazwa kuwa shilingi 20. Kwa vifurushi vile vya 55 vinavyoisha saa sita usiku, GB 50 zingekugharimu 2,200. Umeokoa 900. Lakini kifaa kidogo cha Starlink kiliuzwa 27,000. Ukigawanya kwa 900, ni miezi 30 kabla ya kurudisha pesa ya dishi.

Na hapo hatujawasha stima. Kifaa cha kawaida cha Starlink hula wati 75 hadi 100. Kile kidogo wati 25 hadi 40. Wati 75 zikiwaka usiku na mchana kwa siku 30 ni uniti 54. Tuseme uniti moja pamoja na makato yake inakufikia kwa shilingi 28: hizo ni 1,512 za tokeni kila mwezi. Kile kidogo kwa wati 30 ni kama 605. Ruta ya faiba, ambayo hula wati 10 au pungufu, ni kama 200. Kwa hiyo yule wa GB 50 aliyekuwa anaokoa 900 amebakiwa na 295, na dishi lake litajilipa baada ya miaka zaidi ya saba.

Kuna mtego mwingine ndani ya tokeni. Tangu Aprili 2023, Kenya Power hutoza nyumba kwa madaraja: hadi uniti 30, kutoka hapo hadi 100, na zaidi ya 100. Familia iliyokuwa ikitumia uniti 70 ikiongeza 54 inavuka mpaka wa juu, na bei ya uniti inapanda. Zima dishi mkilala. Saa nane za giza hukurudishia theluthi ya gharama hiyo, karibu shilingi 500.

Hayo hayaifanyi Starlink kuwa mbaya. Mwalimu wa shule ya bweni kule Samburu, au mwenye kambi ya watalii Laikipia, hana faiba ya kulinganisha nayo, na mtandao wa simu humfanya apande kilima. Kwake 4,000 ni nafuu. Mwenye sola ya kutosha haogopi wati. Ninachokataa ni mtu wa mtaa wa Umoja, mwenye waya wa faiba unaoning'inia mlangoni, kununua dishi kwa sababu ya jina.

Kwenye bei hizi zote kuna mkono wa serikali. Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu na intaneti kutoka asilimia 20 hadi 15, kisha VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya jumla hiyo. Ukiirudisha hesabu nyuma, ndani ya 2,999 kuna kama 750 za kodi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka asilimia hiyo 15 iwe 20. Uliondolewa Juni mwaka huo baada ya vijana kujaa barabarani, vijana ambao maandamano yao yalipangwa kupitia bando hizohizo.

Runinga nayo? Wapo wanaolipa faiba na king'amuzi pamoja bila kujiuliza kila kimoja hufanya nini. Tangu matangazo ya analogi yazimwe 2015, KBC, Citizen, KTN na NTV huonekana kwa antena na king'amuzi cha chaneli za bure, unachonunua mara moja basi. Kama nyumbani mnatazama taarifa ya saa moja na vipindi vya hapa tu, hakuna haja ya kulipia kila mwezi. Netflix iliwahi kuwapa Wakenya kifurushi cha bure cha simu kuanzia 2021, ikakifunga 2023. Waliokizoea sasa wanalipa au wanaombana nywila. Kandanda ndiyo inayowashika watu shingoni, kwa kuwa Ligi Kuu ya Uingereza ipo SuperSport, na SuperSport ni ya kulipia. Hapo hesabu yangu ni ya kihuni kidogo: kama unatazama mechi nne kwa mwezi, kibanda cha mpira kwa shilingi 50 ni 200. Kelele ni bure.

La mwisho ni kushirikiana. Ploti ya nyumba nne ikigawana 2,999 ni 750 kila mmoja, na Mbps 15 jioni zinagawanyika kama Mbps 4 kwa nyumba, zinazotosha kwa picha ya wastani. Wengi wanafanya hivyo. Masharti ya kampuni kwa kawaida hayaruhusu kuuza tena, na akaunti ni ya jina moja. Jirani akichelewa kulipa, anayekatiwa ni wewe. Akihama, ni wewe unayebadilisha nywila. Wakusanye pesa tarehe 28, kabla ya kodi ya nyumba kuzimeza, na anayesema "nitakutumia kesho" asipewe nywila mpya hadi M-Pesa ilie.