Matofali ya Hesabu: Miavuli ya Zege ya Kariakoo na Wavu wa Mhandisi

Soko Kuu la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, lilijengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 na kufunguliwa rasmi mwaka 1975. Msanifu wake, Beda Amuli (1938–2016), alikuwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kusomea usanifu wa majengo, na masomo hayo aliyapata Haifa, nchini Israel. Paa alilolibuni si bati wala vigae, bali ni miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja ukiwa umesimama juu ya nguzo yake, na kingo zake zikiwa zimeinuka kuliko kitovu. Mtu anayetazama miavuli hiyo kutoka chini hukosa budi kujiuliza: zege ni zito, tena hupasuka kwa urahisi likivutwa, yawezekanaje basi ganda jembamba kama lile likatandazwa hewani bila kuanguka? Na mhandisi hujuaje, kabla ya kumwaga hata ndoo moja ya zege, kwamba halitaanguka?

Jibu la swali la pili limo katika mbinu ambayo leo hutumiwa na wahandisi wa majengo, madaraja, ndege na mitambo, nayo huitwa mbinu ya elementi finiti, yaani mbinu ya vipande vyenye ukomo. Makala haya yanaeleza hatua yake ya kwanza, ambayo aghalabu ndiyo ngumu kuliko zote: kukikata kitu katika matofali ya hesabu yenye mpangilio.

Kwa nini kukata?

Ganda la zege lina nukta zisizo na idadi, na kila nukta huhama kidogo pindi mzigo unapowekwa. Hakuna awezaye kuandika mlinganyo kwa kila nukta. Kwa hiyo kitu chote hukatwa, katika mawazo tu, kuwa vipande vidogo vinavyokutana kwenye vipeo. Kinachotafutwa ni mihamo ya vipeo hivyo. Mihamo ya nukta zilizo kati hukadiriwa kutokana na vipeo vinavyozizunguka. Hivyo tatizo lisilo na mwisho hugeuka kuwa milinganyo mingi lakini yenye idadi, ambayo kompyuta huweza kuikokotoa.

Mwaka 1943 mwanahisabati Richard Courant alionyesha jinsi eneo linavyoweza kugawanywa katika pembetatu kwa kusudi la namna hii. Mwaka 1956 Ray Clough na wenzake walichapisha kazi iliyoitumia njia hiyo katika miundo ya ndege, na mwaka 1960 Clough akaipa mbinu hiyo jina inalojulikana nalo hadi leo.

Kwa kitu chenye urefu, upana na kimo, vipande vinavyotumika zaidi ni vya aina mbili. Cha kwanza ni tetrahedroni, yaani piramidi ya pembetatu yenye vipeo 4. Cha pili ni heksahedroni, yaani umbo la tofali lenye nyuso 6, kingo 12 na vipeo 8. Tetrahedroni ni mtiifu: hujaza umbo lolote, hata liwe na kona za namna gani. Tofali ni gumu kupanga, lakini likipangika hulipa. Mchemraba mmoja haukatiki kuwa tetrahedroni pungufu ya 5. Kwa hiyo matofali 1,000 yakikatwa kwa njia hiyo huwa vipande visivyopungua 5,000, na vipeo ni vilevile. Tena tetrahedroni ya vipeo 4 hubeba mkazo ulio sawa kila mahali ndani yake, wakati mkazo ndani ya tofali huweza kubadilika toka upande hadi upande.

Wavu wenye mpangilio

Vipande hivyo vikiunganishwa, huitwa wavu, na vipeo vyake ni mafundo. Jina hilo linafaa. Katika soko la samaki la Magogoni huonekana nyavu za namna mbili: ule mpya, ambao kila fundo lina majirani wake mahali panapojulikana, na ule ulioraruka na kutiwa viraka, ambao mtu hawezi kujua fundo gani linafuata lipi mpaka aufuate uzi kwa kidole. Wavu wa matofali wenye mpangilio ni kama ule wa kwanza. Wavu wa tetrahedroni ni kama wa pili.

Faida ya mpangilio huonekana kwa hesabu ndogo. Mchemraba ukigawanywa mara 10 kila upande, hupatikana matofali 1,000 na mafundo 11 × 11 × 11, yaani 1,331. Kila fundo huweza kuhama katika mielekeo 3, kwa hiyo mihamo inayotafutwa ni 3,993. Sasa kila fundo lipewe namba tatu, i, j na k, kila moja ikianzia 0 hadi 10. Namba ya fundo katika orodha ni:

N = i + 11j + 121k

Fundo lenye i = 3, j = 4 na k = 5 ni la 652. Jirani wake wa upande wa i ni 653, wa upande wa j ni 663, na wa upande wa k, juu yake, ni 773. Kompyuta haikuhitaji kuandikiwa orodha ya majirani. Kanuni moja inatosha. Vivyo hivyo, mgeni katika mitaa ya Kariakoo, iliyokatwa kwa mistari iliyonyooka, huelekezwa kwa kuhesabu tu: mitaa mitatu mbele, miwili kulia.

Mpangilio haudai mistari iliyonyooka, hata hivyo. Barabara ya Kivukoni, karibu na Magogoni, hufuata mkunjo wa bandari, na bado mtu huweza kuhesabu njia panda moja baada ya nyingine. Wavu nao huweza kupinda kufuata umbo la kitu, mradi hesabu ya majirani isivurugike.

Tofali linalopinda

Hapo ndipo hesabu ya tofali na miavuli ya Kariakoo vinapokutana. Mwaka 1966 Bruce Irons alichapisha njia ya kuchukua mchemraba kamili na kuunyumbua uwe tofali la umbo jingine. Vipeo 8 hupelekwa mahali pake katika kitu halisi, na kila nukta ya ndani hufuata kwa uzito: kadiri ilivyo karibu na kipeo fulani ndivyo inavyokifuata zaidi. Katika uso mmoja wa tofali, nukta iliyo katikati kabisa hupewa robo ya kila kipeo kati ya vinne. Vipeo vitatu vikiwa katika kimo kimoja na cha nne kikiwa mita 1 chini yake, nukta ya katikati huwa sentimita 25 chini.

Mwavuli wa zege nao huundwa kwa robo nne. Katika kila robo, pembe tatu ziko katika kimo cha ukingo, na ya nne, iliyo juu ya nguzo, iko chini. Ikichukuliwa kuwa robo ina urefu a na upana b, na kitovu kiko chini ya ukingo kwa h, basi kina cha nukta yoyote iliyo umbali x na y kutoka kingo mbili za nje ni:

d = hxy ÷ ab

Umbo hilo wanahisabati huliita paraboloidi ya haipaboli. Katika miaka ya 1950 Félix Candela alijenga mengi ya namna hiyo nchini Mexico. Siri yake ni kwamba, ingawa limepinda, limejaa mistari iliyonyooka: x ikishikiliwa mahali pamoja, d huongezeka kwa kadiri ileile y inavyoongezeka. Kwa sababu hiyo fundi seremala huweza kulitengenezea kalibu kwa mbao zilizonyooka.

Msomaji ataona kuwa katikati ya robo, h ikiwa mita 1, d ni sentimita 25, sawasawa na katikati ya uso wa tofali. Hiyo si sadfa, kwa kuwa kanuni ni moja. Kuba la duara likikatwa kwa matofali ya vipeo 8 hupatikana kuba la kukadiria tu, lenye pembepembe. Mwavuli wa paraboloidi ya haipaboli ukikatwa kwa matofali kwa kufuata mistari yake, umbo halipotei hata kidogo, hata matofali yawe makubwa.

Pale mpangilio unapokataa

Si kila umbo ni jepesi hivyo. Nguzo ya duara ikikatwa kama chungwa, vipande vyote hukutana kwenye kitovu na kila kimoja hugeuka kabari. Wahandisi huchora mraba katikati ya duara, kisha huunganisha pembe zake nne na mzingo. Hupatikana maeneo matano, kila moja lenye pande nne, na kila moja hukubali wavu wenye mpangilio.

Kuna sharti lisilokwepeka: pande zinazotazamana lazima zigawanywe kwa idadi moja, na maeneo yanayopakana lazima yalingane mpakani. Upande wa mraba ukigawanywa mara 6, tao lililo mbele yake hugawanywa mara 6, na eneo la jirani hali kadhalika. Uamuzi mmoja husafiri jengo zima. Ndiyo maana wahandisi huona heri kuacha idadi ilivyo na kusogeza mistari tu, ikibanana karibu na nguzo ambako mikazo hubadilika haraka, na kutanuka kuelekea ukingoni.

Unene nao una madai yake. Ikichukuliwa kuwa robo ya mwavuli ni mita 3 kwa 3 na unene wa sentimita 8, tabaka moja la matofali ya kawaida halitoshi, kwa sababu tofali la vipeo 8 ni kaidi likipindwa. Huonyesha zege kuwa gumu kuliko lilivyo. Matabaka 4 ya sentimita 2 yakiwekwa, na kila tofali likawa sentimita 2 kila upande, yatahitajika matofali 90,000 na mihamo 342,015. Yakirefushwa kuwa sentimita 10 kwa 10, matofali ni 3,600 na mihamo 14,415. Kuchagua kati ya hayo mawili ni kazi ya mhandisi, si ya kompyuta.

Kulipima tofali na kulipima jibu

Kabla ya kukokotoa, kila tofali hukaguliwa. Hupimwa uwiano wa ujazo mdogo ndani ya tofali halisi na ule ndani ya mchemraba wa asili. Uwiano huo ukishuka chini ya sifuri mahali popote, tofali limepinduka nje ndani kama mfuko wa suruali, na jibu lake halina maana.

Jibu nalo hupimwa kwa kalamu. Kwa robo ileile, h ikiwa mita 1 na mzigo, pamoja na uzito wa zege, ukiwa kilonyutoni 3 kwa mita ya mraba, nadharia ya maganda membamba husema kani ya mkato kwa kila mita ni mzigo × a × b ÷ 2h, yaani kilonyutoni 13.5. Kwa unene wa sentimita 8 huo ni mkazo wa nyutoni 0.17 hivi kwa milimita ya mraba. Mkazo huo hubana zege katika ulalo mmoja, kama tao, na kulivuta katika ulalo wa pili, kama kamba inayoning'inia, ambako nondo husaidia. Zege la kawaida hustahimili kubanwa kwa nyutoni 20 au zaidi. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza: umbo ndilo linalobeba, si unene. Kompyuta ikitoa jibu lililo mbali sana na hilo katikati ya ganda, wa kutiliwa shaka kwanza ni wavu.

Wavu haujui usichoambiwa

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua. Zege lililopashwa joto la nyuzi zaidi ya 300 za Selsiasi huanza kupoteza nguvu kwa kiasi kikubwa, na upande uliotazama moto huumia kuliko wa pili. Matofali yaliyopangwa kwa matabaka yanafaa sana kwa uchunguzi wa namna hiyo, kwa kuwa kila tabaka huweza kupewa nguvu zake. Lakini nguvu hizo sharti zipimwe katika zege lenyewe. Hazipatikani ndani ya kompyuta.

Somo hilo ni zito katika jiji hili. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, na watu wasiopungua 29 walipoteza maisha. Wavu mzuri kuliko wote hauwezi kufahamu kuwa nguzo imepunguzwa nondo, kuwa mchanga ulizidi saruji, au kuwa ardhi imechimbwa kando ya msingi, isipokuwa mtu amekwenda, akatazama, akapima, na kusema kweli. Hesabu huanzia hapo.

Zoezi kwa darasa

Simamisha vijiti vinne kwenye pembe za mraba wa sentimita 40: vitatu viwe na urefu wa sentimita 40 na kimoja sentimita 24. Unganisha vichwa vyao kwa fito nne, na ugawanye kila ufito sehemu 4 zilizo sawa. Funga nyuzi kutoka alama hadi alama inayoielekea, pande zote mbili. Kisha hesabu mistari kutoka kingo mbili zisizoinama, i upande mmoja na j upande wa pili, na upime kina cha kila makutano chini ya kimo cha sentimita 40. Kina hicho, kwa sentimita, kitakuwa i × j. Nyuzi zote zimenyooka, na uso umepinda.